Maua Niliyoyafyeka Kaburini kwa Mama Yako

Mwanangu Saru,

Umepanda Sagalla kumuaga nyanya yako, nami nimebaki hapa na begi lako limeegemea mlango. Kesho asubuhi utapanda basi pale Voi, na jioni Mungu akipenda utakuwa chuoni Eldoret. Habari za baridi ya huko, za kuficha nauli na za marafiki wabaya, shangazi zako wamekuambia mpaka umechoka. Mimi sina la kuongeza hapo. Nataka kuandika jambo ambalo wewe na mimi tumelikwepa kama shimo la barabarani. Kila mmoja anajua lipo na hakuna anayelitaja. Nina aibu nalo, na kwa mdomo nimejaribu mara nyingi nikaishia kukuuliza kama chai ina sukari.

Ni habari ya maua ya mama yako.

Unajua miaka yote ile nilikuwa Mombasa kwenye kazi za ujenzi. Nilikuja nyumbani mwisho wa mwezi kama mgeni, nikala, nikalala, nikarekebisha paa au mlango, nikaondoka. Kwa hiyo mama yako mnamjua wewe na pori hili kuliko ninavyomjua mimi. Nilichojua ni kwamba anapenda kuzunguka porini, na kwamba jikoni kwetu kulikuwa na bahasha za kaki zimening'inia juu, karibu na moshi, zimejaa mbegu. Siku moja nilimcheka. Nikamwambia, "Mama Saru, wenzako wanahifadhi mahindi, wewe unahifadhi magugu."

Akanijibu huku anageuza chapati, "Mahindi ndovu watakula. Haya hawayataki."

Nilicheka, na mambo yakaishia hapo. Sikumuuliza anayatoa wapi wala anayapenda kwa nini. Nimeyajua hayo kutoka kwa watu wengine, yeye akiwa chini ya udongo.

Alipofariki nilikaa nyumbani mpaka matanga yakaisha, kisha nikarudi kazini. Nilisema ni kwa sababu ya karo yako. Karo ilikuwa kweli, lakini kweli nyingine ni kwamba sikuweza kulitazama jiko lile. Nikakuacha wewe, msichana wa sekondari, na shangazi yako Mghoi, na kaburi bichi kando ya shamba. Huzuni yangu nilienda nayo Mombasa. Yako nilikuachia uibebe peke yako.

Nawe ukapanda. Sikukuona ukipanda. Niliporudi mwezi wa Desemba kujiandaa kwa ibada ya kuweka msalaba, nilikuta kaburi limefunikwa kabisa. Kulikuwa na mimea ya manjano iliyofika kiunoni, mingine ya zambarau ikitambaa, na chini kabisa vile vimaua vidogo vya samawati. Nyuki walikuwa wengi. Ulisimama kando yangu ukiningoja niseme neno. Nikasema, "Sawa," nikaingia ndani.

Sasa sikiliza kilichokuwa moyoni mwangu, maana hukukijua. Mimi ni fundi wa mawe. Kabla ya kwenda Mombasa, makaburi ya watu kuanzia Mwatate mpaka Maungu niliyajenga mimi, nikayapiga tailsi yakang'aa. Wiki ile nilikuwa nimepita Voi kununua simiti, na pale dukani mwanamume mmoja akaniambia mbele ya watu, "Fundi, wake za wenzako wamelala pazuri. Wako utamjengea lini?" Watu wakacheka. Hakuwa na nia mbaya, na hata jina lake silijui. Lakini neno lile lilinikaa kifuani kama kokoto ndani ya kiatu, na nilipoliona kaburi lile sikuona maua. Niliona wakwe zangu wakishuka kilimani, na jamaa zetu wa Nairobi wakishuka garini, wote wakisema fundi amemtupa mke wake kwenye magugu.

Asubuhi iliyofuata nilikutuma mjini kukodi sahani.

Saru, sahani zingeweza kuletwa na boda boda. Nilikutuma kwa makusudi. Kwa muda mrefu nimejiambia kwamba sikujua maua yale yana maana gani kwako, kwamba lilikuwa kosa la mtu asiyeelewa. Lakini mtu asiyejua hamwondoi mtoto nyumbani kwanza. Nilijua. Hapo ndipo penye aibu yangu hasa, na ndilo jambo ambalo sikuwahi kukuambia.

Nilifyeka. Nyuki walinizunguka na hawakuniuma, na ningependa wangeniuma. Yale ya manjano yalikuwa na maganda ya kijani yaliyojaa maji, na vile vya samawati vilikuwa ndiyo kwanza vinachanua. Nilivikokota vyote kwa reki, nikavichoma nyuma ya choo, nikakoroga simiti.

Uliporudi na sahani kichwani, tailsi za mwisho nilikuwa nazigonga zikae sawa. Ulisimama. Hukulia. Ulisema tu, "Baba, mbegu zilikuwa hazijakomaa."

Vijana waliokuja kunisaidia walikuwa wanatazama, kwa hiyo nikapaza sauti, "Mbegu za magugu? Wakwe zangu wanakuja, unataka wakute mama yako amelala kwenye malisho ya mbuzi?"

Ulizishusha zile sahani taratibu, moja juu ya nyingine, zisigongane, ukaingia jikoni. Afadhali ungezivunja.

Siku ya ibada unaikumbuka. Hema lilikuwa limejaa, na mchungaji amechelewa. Nyanya yako alishuka Sagalla kwa pikipiki, na kabla hata hajasalimia watu akaniambia nimpeleke kwa mwanawe. Akasimama na mkongojo wake akitazama tailsi. Mimi nilisimama nyuma yake nikingoja sifa.

"Baba Saru," akasema, "kazi yako ni safi."

"Asante, Mama."

"Na maua yako wapi?"

"Maua gani, Mama?"

"Mtoto aliniambia kwa simu yamechanua. Nimeshuka nije niyaone. Huyu mwanangu tangu yuko mdogo alikuwa akirudi na mbuzi, mikono imejaa maua. Nilikuwa nikimchapa kwa kuchelewa."

Kumbe watu niliowaogopa ndio waliokuja kuyaona. Nikamwambia mama mkwe wangu, msalaba wa mke wangu ukiwa umelala pale ukingoja kusimamishwa, "Yalikauka, Mama. Jua lilikuwa kali."

Wewe ulikuwa hapo na sinia ya chai. Ulinitazama mara moja. Ungeweza kusema. Ukasema, "Nyanya, njoo ukae kivulini." Ukamshika mkono ukaondoka naye. Umri wangu wote sijawahi kujiona mdogo kama wakati ule, mtoto wangu aliponisitiri kwa uongo ambao mimi ndiye niliyeusema.

Sikurudi tena Mombasa. Baada ya hapo ukawa unanijibu, lakini huniambii kitu. "Ndiyo, Baba." "Hapana, Baba." "Chakula kiko mezani, Baba." Kazi zote ulifanya. Jirani angekuja angesema nina mtoto mwenye adabu.

Na mimi, kwa kuwa mikono yangu imezoea kazi nzito, nikaamua kutengeneza. Mwezi wa Januari nilichukua nyundo kubwa na mtaimbo nikavunja tailsi zangu mwenyewe, mchana kweupe. Majirani walikuja mpaka kwenye ua. Nilimsikia mmoja akisema, "Fundi amerukwa na akili." Niliinama nikaendelea kuvunja. Nikachota vifusi, nikabakisha msalaba na ukingo wa mawe, kisha nikaingia jikoni, nikashusha zile bahasha za mama yako zilizobaki. Sikukuuliza. Nilidhani ni zawadi nitakayokushangaza nayo.

Nililima kwa jembe mpaka chini, kama shamba la mahindi. Nikachimba mashimo, nikatia kila shimo ngumi ya mbegu na samadi ya mbuzi, nikafukia, nikamwagia maji kwa ndoo. Jua la Januari la Voi unalijua. Ulisimama kwenye mlango wa jikoni ukanitazama tangu mwanzo mpaka mwisho, nami nikadhani kimya chako ni kuridhika.

Kilichoota ni magugu yaliyokuja na samadi. Ya mama yako hayakutoka. Bahasha zote nilikuwa nimezimaliza.

Nilikuja jikoni nikasimama. Nikakuambia, "Saru, nimeharibu tena."

"Najua. Nilikuona."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, Baba."

Nimekaa na maneno hayo tangu siku ile. Mara ya kwanza niliharibu kwa kuogopa watu. Mara ya pili niliharibu kwa kutaka kujisafisha haraka, na kwa kaburi la mama yako hakukuwa na tofauti. Ukikosea huko uendako, na utakosea kwa kuwa wewe ni mtu, usikimbilie kutengeneza kama mimi. Kwanza nenda kwa yule uliyemkosea umuulize ameumia wapi. Mimi nilikuwa nahangaika na kaburi ilhali aliyeumia yuko hai jikoni.

Ni wewe uliyefungua mlango, mwezi wa Julai. Ulisema tu, huku unachambua mchele, "Baba, baadhi ya yale maua niliyaona Miasenyi, tulipokuwa tunakwenda Mombasa. Sasa hivi maganda yatakuwa yamekauka." Nikavaa viatu kabla hujamaliza mchele.

Nadhani siku ile ilikuwa njema kwetu, ingawa niliona haya mwanzo mpaka mwisho. Tulipita nyuma ya vibanda vya matikiti na vitunguu, ukachuchumaa, nami nikachuchumaa. Yule mama muuzaji akatushangaa.

"Mmepoteza pesa?"

"Tunatafuta mbegu za maua, mama," ukamwambia.

"Haya? Chukueni yote, mnipunguzie nyoka."

"Hatuchukui yote. Tunachukua kidogo, mengine yajipande yenyewe."

Malori yalikuwa yanapita, na dereva mmoja anayenifahamu akapiga honi akapaza sauti, "Fundi! Umeanza kuchuma mchicha?" Magoti yalitaka kuinuka yenyewe. Nilibaki chini. Ukanipa ganda moja la yale ya manjano ukaniambia nilitikise, likalia kama njuga. Ukasema, "Likilia, limekomaa. Likinyamaza, liache." Nilikumbuka yale niliyoyachoma nyuma ya choo. Hakuna hata moja lililokuwa limelia.

Mifuko ya plastiki niliyobeba uliikataa. Ukasema mbegu hutoa jasho humo zikaoza, tukazitia kwenye karatasi.

Vuli ilipokaribia nilitoa jembe, ukalirudisha stoo. Ukasema ukilima chini unaamsha magugu yaliyolala, na samadi inayanenepesha hayo hayo, maua ya porini yamezoea udongo wenye njaa. Tulikwaruza juu tu, kwa reki. Mvua ya kwanza iliponyesha nilikimbilia bahasha. Ukaniambia, "Subiri, Baba. Hii inadanganya." Kweli ikakata. Magugu yakatokea kwa pupa, tukayang'oa yangali machanga, pakabaki safi. Mvua ya pili ilipokuja na ikarudi kesho yake, ndipo ulipokubali. Na hata hapo ukagawa mbegu mafungu mawili, nusu ukairudisha jikoni, mvua ikitutupa tusiwe tumemaliza. Nilipoona ile nusu inarudi juu nilijua unanifikiria mimi na Januari yangu.

Zile ngumu kama kokoto ulinipa nizisugue kwa msasa, mpaka ganda lipate mkwaruzo maji yaingie. Zile ndogo kama ugoro tulizichanganya na mchanga mkavu niliochunga kwa chekeche langu la plasta, ili zisianguke mahali pamoja. Tukarusha. Hatukufukia. Halafu ukasema, "Sasa kanyaga."

Nikakuambia siwezi kumkanyaga mama yako.

"Vua viatu, Baba. Kanyaga polepole. Mbegu inataka kushikana na udongo."

Nilivua. Nilikanyaga nyuma yako, nyayo zangu juu ya zako, kutoka msalabani mpaka miguuni. Hukugeuka nyuma, na nakushukuru, kwa sababu nilikuwa nalia vibaya. Ulipomaliza ulienda ukaleta matawi ya miiba kuzuia kuku, ukanipa muda.

Ya manjano yaliota. Ya zambarau yaliota, yakapanda mpaka kwenye ukingo wa mawe. Vile vya samawati havikutoka, maana mbegu zake hatukuzipata. Tulirudi Miasenyi, tukaenda mpaka njia ya Mwatate, hatukuviona. Nyanya yako anasema mama yako alivitoa karibu na reli, na pale sasa pana maghala. Kwa hiyo vile nilivyovifyeka vikiwa ndiyo kwanza vinachanua vilikuwa vya mwisho tunavyovijua. Nakuandikia hili ili usidhani baba yako anaamini yameisha. Kuna sehemu niliyoivunja ambayo haitarudi, nami sitakuomba ujifanye imerudi.

Mwezi uliopita nilipanda Sagalla peke yangu. Sikukuambia. Nilimkuta nyanya yako anapepeta kunde. Nikakaa chini, nikamwambia, "Mama, siku ya msalaba nilikudanganya. Hayakukauka. Niliyafyeka."

Aliendelea kupepeta. Akasema, "Niliona majivu nyuma ya choo. Yalikuwa bado mapya."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mbele ya watu wote wale? Wewe ni mkwe wangu." Akaweka ungo chini. "Nilikuwa nangoja uje. Umechelewa. Haya, nawa mikono ule."

Nilinawa, nikala kunde alizonipakulia.

Jumanne iliyopita niliitwa kazi Voi, kwa mzee mmoja Mkamba mwenye duka la vyuma, amefiwa na mkewe. Wanawe walinipigia simu kutoka Nairobi wakanipa vipimo, rangi, kila kitu. Zamani ningefika nikakoroga simiti. Safari hii nilimkuta mzee amekaa peke yake kwenye kiti barazani, nikamuuliza, "Mzee, wewe mwenyewe unataka nini pale?"

Akasema tangu msiba utokee hakuna aliyemuuliza kitu, ila kutia sahihi tu. Akafuta macho. Nami nikajiandaa, nikadhani ataniambia habari za maua, nikawa hata nimeshapanga moyoni nitakavyomwelekeza kuhusu vuli.

Akasema, "Nataka tailsi. Nyeupe. Alikuwa anapenda nyumba inayong'aa, akipiga deki mara mbili kwa siku. Lakini wanangu wamechagua nyeusi."

Nikapiga nyeupe, Saru. Nilizipiga kwa furaha ambayo sijawahi kuwa nayo kazini, na mzee alikaa kando yangu siku nzima akinisimulia habari za mkewe. Nilipomaliza alipitisha kiganja juu yake, akasema, "Ndiyo. Hivi."

Kuna mengi yako ambayo sijawahi kukuuliza. Ulilala vipi miezi ile peke yako. Kwa nini umechagua uuguzi. Kama kuna usiku mama yako aliniita na mimi sikuwepo. Sikuombi unijibu leo, wala sikuombi unisamehe kwa sababu unasafiri. Siku utakayotaka kusema, hata iwe kwa simu katikati ya kazi yangu, hata iwe ni neno litakaloniumiza, sema. Nitaweka mwiko chini, na sitakukatiza mpaka umalize.

Baba yako